Mlango wa Mkomafi

Fundi alikuja na randa yake, akaiparuza mara moja tu pembeni mwa mlango, na harufu ikatoka. Sijui niieleze vipi kwa mtu ambaye hakukulia bucha. Kwanza mti wenyewe wa mkomafi, halafu matope ya mikokoni, chumvi, na nyuma ya yote hayo, kama mgeni anayeona haya kuingia, mafuta ya ng'ombe ya miaka mingi. Nikamwambia fundi, "Acha."

"Dada, mti huu siku hizi haupatikani. Nitakupa hela ya maana."

"Nimesema acha."

Na nikalia, jambo ambalo sikulifanya vizuri hata siku tuliyomzika Baba, maana siku ile nilikuwa nahangaika na masufuria ya watu.

Mimi ni mtu wa ndani. Nilimaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani nikakaa, na mpaka leo nimekaa. Niliosoma nao wako Dar, wako Mtwara, mmoja yuko Omani na ananitumia picha za mazulia. Mimi nikifika stendi ya Kibiti naona nimesafiri, narudi na kiu na maumivu ya kiuno. Watu wanasema ni uvivu, wala sibishi, uvivu nao umo. Lakini nyie wa rika langu, tuliolelewa kwa fimbo na sasa tunajifanya hatujui hata fimbo inafananaje, nyie naweza kuwaambia: mie nilijua mapema kwamba mtu akikaa ndani vya kutosha, dunia inamfuata yenyewe, na panga mkononi.

Bucha la Baba lilikuwa kando ya njia ya kwenda Mtawanya, bucha mbele, sisi tukilala nyuma. Mlango ninaousema si wa kuingilia dukani. Ulikuwa wa stoo, mle mle ndani, chumba kidogo kisicho na dirisha zilimokaa ngozi na magunia ya chumvi ya mawe. Babu yangu, mkata mikoko wa visiwani kule delta, aliuchonga mwenyewe akampelekea Baba kama zawadi ya harusi. Ulikuwa mzito hata Mama akawa anasema mlango ule ulitaka mke wa pili wa kuufungua. Baba akaupaka rangi nyeusi ya ubao wa shule. Juu akaandika bei ya nyama kwa rangi nyeupe. Chini ya bei, kwa chaki, wakawa wanachora fumbo.

Gazeti la Jumapili lilitufikia kwa basi, na ukurasa wake wa mwisho ulikuwa na fumbo la maneno, lile la miraba. Si ile chemshabongo ya kuulizwa mji mkuu wa nchi fulani. Hili lilikuwa la watu wenye roho mbaya. Aliyelitunga hakuweka jina lake, chini aliandika "Mtunzi" basi, na huyo Mtunzi nadhani hakuwahi kumuuliza mtu swali la moja kwa moja tangu azaliwe. Aliandika: "Mwisho wa kitambaa watu wanalewa, herufi tatu." Watu wazima wakashinda siku mbili wakizungumza habari za vilemba na harusi. Kumbe ukilitazama neno lenyewe, kitambaa, mwisho wake ni BAA. Aliandika: "Hata ukiligeuza linauzwa kwa kilo." Baba, ambaye kitu hicho alikuwa akikikata kila siku ya Mungu, alikipata wateja wote wameshaondoka. INI. Lisome kwa mbele, lisome kwa nyuma, ni ini tu. Alifurahi mpaka akamrushia paka wa jirani kipande.

Waliolifumbua walikuwa wanne. Baba, ambaye watu walimwita Bwana Athumani. Mwalimu Ndeshi, Mchaga wa shule ya msingi, mwanamke mrefu aliyekuwa akija na kijiti chake cha darasani akakisahau kwetu, na Mama akakitumia. Mjomba Mkumba, mkulima wa ufuta wa Mtawanya, ambaye ujomba wake kwangu ulikuwa wa kijiji kimoja na Mama tu, ila alinitania kama mjomba wa damu. Na Masalu, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, aliyekuwa akimletea Baba ng'ombe wa kuchinja na siku moja akasimama kusubiri hela yake, akaliona fumbo, asiondoke tena.

Mwanzoni walikuwa wanainamia gazeti lenyewe, wakagongana vichwa, wakalichana. Ndipo wakahamia mlangoni, na mlangoni wakaweka sheria. Aliyepata neno analiandika kwa mkono wake mwenyewe, asiandikiwe. Herufi zikikubaliana na za maneno mengine, Baba anapiga gogo la nyama kwa bapa la panga, pa! na wote wanasema, "Imechinjwa!" Zisipokubaliana wanasema, "Kibudu!" yaani limekufa lenyewe bila kisu, halifai kuliwa na Muislamu. Mwalimu Ndeshi, Mlutheri wa kanisani kila Jumapili, ndiye aliyekuwa akisema kibudu kwa sauti kubwa kuliko wote. Na sheria ya tatu, iliyotugombanisha na mji mzima: mlango haufunguliwi mpaka fumbo liishe. Ule mlango ulifunguka kwa kusukumwa na bega na kushikiliwa kwa mkono, na bega na mkono vilifuta chaki. Basi mtu akija kutaka chumvi ya kukaushia samaki wake, aliambiwa asubiri neno la mwisho. Wengine walisubiri mpaka samaki wakawa hawahitaji chumvi tena, wanahitaji kuzikwa.

Masalu alikuwa mbovu kupita wote, na aliipenda kazi ile kupita wote.

"Masalu," Mjomba Mkumba alimwambia, "herufi nne hizi. 'Damu iliyovurugwa inawashinda wote mbio.'"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe ni herufi nne?"

"Ndama, basi."

"Wee Masalu, hesabu ya ng'ombe unaijua, ya herufi inakushinda nini?"

"Ng'ombe nikikosea mmoja nimeibiwa," Masalu akasema taratibu. "Herufi nikikosea nimeibiwa nini?"

Mjomba Mkumba alicheka mpaka akajishikilia kwenye ndoano ya nyama. Walikuwa marafiki, hilo nataka lieleweke. Mkulima wa ufuta na mtu wa ng'ombe kuwa marafiki kwetu si jambo la kila siku. Msimu wa kiangazi ng'ombe walipita mashambani, fimbo zikapigwa, mapanga yakanolewa, mikutano ikafanywa, na mwaka uliofuata yakawa yale yale. Lakini wale wawili walikuwa na adui mmoja, Mtunzi.

"Siku mtu huyu akishuka Kibiti," Baba alikuwa akisema akifuta panga kwa aproni, "namning'iniza ndoano hii hapa. Nitaanza na ulimi."

"Mie nitamshika miguu," Mjomba Mkumba alisema.

"Mimi nitamsomea mashitaka kabla," Mwalimu Ndeshi alisema. "Watu wasije wakasema hatukumtendea haki."

Na ukidokoa neno alilolipata mwenzako ukaliandika wewe, adhabu ilikuwa kukatwa kidole. Baba aliitangaza akiwa ameshika kongoro la ng'ombe mkono mmoja na panga mkono mwingine. Wote wakacheka. Mie sikucheka. Mie niliamini kila kitu. Nilikuwa mtoto wa kuamini, na meno ya mbele yalikuwa yametoka yakagoma kurudi, ndiyo maana bucha zima likaniita Kibogoyo. Niliketi chini ya meza ya mifupa, mahali pangu pa heshima, nikimwonea huruma Mtunzi. Nilimtengenezea sura kabisa: mwembamba, miwani, begi la karatasi. Kila basi la Dar liliposimama kule barabarani nilichungulia nione kama ameshuka, nimwambie arudi haraka alikotoka. Kwangu wale watu wanne walikuwa wauaji wenye subira, wanaomngoja mtu wao.

Siku ninayotaka kusimulia, Mama alikuwa amekwenda msibani visiwani. Asubuhi bado changa, nyama imetoka machinjioni, nzi wameamka, na nyuma ya nyumba mafahali wawili wa Masalu walikuwa wamefungwa kwenye mkorosho, wakisubiri zamu yao ya kesho. Fumbo lilikuwa limebaki kidogo. Mjomba Mkumba alikuwa amekuja mapema, akasimama mbele ya mlango bila kusalimia mtu, anaitazama ile damu iliyovurugwa. Mara akapiga kelele mpaka mteja akaangusha bakuli.

"Duma! D, A, M, U, zivuruge hizo! Damu iliyovurugwa! Duma!"

Baba alihesabu kwa kidole hewani. Mwalimu Ndeshi akasema, "Mungu wangu." Masalu akasema, "Mnyama nilimtaja mimi, jamani. Mnyama nilimtaja."

Pa! Imechinjwa. Mjomba Mkumba akachukua chaki kwa mkono wa kushoto, maana alikuwa wa kushoto, akaandika DUMA kubwa, mbaya, imelala kama uzio ulioangukiwa na mti. A zake hazikuwa na mkanda. Alichora vile vijiti viwili tu vilivyoegemeana, kama paa la kibanda, na Mwalimu alikuwa akimwambia kila mara, "Mkumba, ifunge mkanda hiyo A, suruali itaanguka." Naye alikuwa akimjibu kwamba suruali yake inamhusu.

Vumbi la chaki lilikuwa bado vidoleni mwake kijana wa bodaboda alipoingia mbio, pikipiki imeachwa inaunguruma nje.

"Mjomba Mkumba! Ng'ombe wameingia kwenye ufuta wako. Saidi kaenda kuwatoa, vijana wa ng'ombe wamempasua kichwa. Wanamleta. Sijui kama atafika."

Saidi alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja. Nani alianza, mpaka leo inategemea unamuuliza nani. Wengine wanasema Saidi alikata ng'ombe mguu kwanza, wengine wanasema fimbo ilitangulia. Kijana wa boda aliyasema yote kwa Mjomba Mkumba, lakini macho yake yalikuwa yamemganda Masalu, kwa sababu ng'ombe walikuwa wa Masalu.

Mjomba Mkumba naye akageuka akamtazama. Nakumbuka nilidhani wanaendelea na fumbo, kwamba yule anangoja jibu na huyu hana. Kisha Mjomba Mkumba akajifuta vidole kwenye shati, akatoka, akapanda pikipiki.

Haikupita muda Saidi akapitishwa mbele ya bucha, katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine, wanakwenda kituo cha afya. Kichwa kilikuwa kimefungwa khanga, na khanga ilikuwa imelowa mpaka ikaacha kuwa na maua. Mguu wake mmoja ulikuwa unaburuzwa chini, kandambili imebaki kidoleni. Nilikuwa nimeona damu nyingi kuliko mtoto yeyote wa Kibiti, lakini ilikuwa ya ng'ombe, iliyokwisha kutulia. Hii ilikuwa inakwenda mahali.

"Niende kwa vijana wangu," Masalu alisema.

"Ukitoka hapo nje hufiki lami," Baba akamwambia. Watu walikuwa wameshaanza kujaa barabarani, na si kwa mikono mitupu.

"Nitawaeleza. Nilikuwa hapa. Mkumba mwenyewe nilikuwa naye hapa."

"Masalu," Mwalimu Ndeshi alisema, kwa sauti ile ya darasani, "watu hawa hawajaja kuelezwa. Ingia ndani."

Baba akausukuma ule mlango kwa bega. Mbele ya macho yangu, fumbo halijaisha, mlango wa stoo ukafunguliwa, na hilo lilinishtua kuliko damu ya Saidi. Masalu alikuwa mtu mpana, jasho limemlowesha, akajipenyeza ubavu ubavu, na mlango ulipofungwa fumbo lilikuwa limefutika kutoka katikati mpaka kona. Michirizi mieupe imebaki, basi. Mgongo wa Masalu ulikuwa umeondoka na maneno.

Wakatazamana. Baba akatafuta kitambaa afute yote.

"Usifute," Mwalimu akasema. "Mji mzima unajua mlango huu haufunguliwi fumbo likiwa bado. Wakilikuta vile vile lilivyokuwa, wataamini haujafunguliwa." Akachukua gazeti mkono mmoja, chaki mkono mwingine, akaanza kuirudisha miraba, na ndani ya miraba maneno. Mkono wake ulikuwa wa mtu aliyezoea kuandika ubaoni huku nyuma yake darasa zima linapigana. Akaandika neno la Baba, akaandika neno la Masalu, pekee alilopata wiki ile, akaandika DUMA. Kwa mwandiko wake wa duara, safi, wa daftari la mfano.

Kisha wakaja.

Nikiwa chini ya meza yangu nilisikia sauti kama mvua inayotembea. Nikachungulia, nikaona mapanga, marungu, shoka moja, watu wengi, na vumbi. Na wallahi, kitu kilichonijia kichwani, nakiri kwa aibu ya mtu mzima, kilikuwa hiki: wamemkamata Mtunzi. Basi limefika, ameshuka na begi lake, wamemkamata, wanamleta kwenye ndoano. Nikaanza kumtafuta kati ya miguu yao, mwembamba mwenye miwani. Sikumwona. Nikadhani wameshamuua njiani.

"Bwana Athumani, mtoe!"

"Nimtoe nani?"

Kijana mmoja akampiga Baba bapa la panga mdomoni. Sauti yake haikuwa mbali na ile ya gogo. Baba akainama, akatema kwenye kiganja, na kwenye kiganja mkawa na meno. Akayatazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. Mwingine akamsukuma Mwalimu Ndeshi, akaangukia mizani, sahani ya mizani ikaruka, nyama iliyokuwa imening'inia ikavutwa chini ikakanyagwa.

"Rajabu," Mwalimu akasema kutoka sakafuni, damu inamtoka kwenye nyusi. "Rajabu, ni wewe?"

"Shikamoo, Mwalimu," Rajabu akajibu, panga limeinuliwa. Nadhani neno hilo halikuwa limepitia kichwani, lilitoka lenyewe. Akashusha panga kidogo, akarudi nyuma, na mwingine akapiga mahali pake. Alipiga meza yangu. Shoka lilizama karibu na sikio langu, mifupa ikanimwagikia mgongoni. Nikajikojolea, na nikafurahi kwamba pale chini palikuwa na majimaji mengine mengi, haitajulikana ya nani.

"Yuko stoo!" mtu akasema. "Hakuna kwingine."

"Stoo haijafunguliwa," Baba akasema. Maneno yalimtoka na mapovu mekundu. "Fumbo halijaisha. Angalieni wenyewe. Chaki hiyo."

Wakatazama. Na mmoja, Mungu ampe mema popote alipo, akasema kwa hasira ya zamani, "Kweli, mie juzi nimenyimwa chumvi hapa hapa. Samaki wangu wameoza kwa upumbavu wa watu hawa." Wengine wakaguna. Hata kwenye kundi la kuua kuna mtu anayekumbuka samaki wake. Nikaona miguu inaanza kugeuka.

Hapo ndipo Mjomba Mkumba akaingia.

Shati lake lilikuwa na damu ya Saidi mpaka kiunoni. Panga lilikuwa mkono wa kushoto. Watu walimpisha, kwa sababu siku ile ilikuwa yake. Hakumtazama Baba, hakumtazama Mwalimu aliyekaa chini. Alikwenda moja kwa moja mbele ya mlango, akasimama pale pale aliposimama asubuhi, akatazama fumbo.

Mie nami nikatazama. Na nikaona alichokuwa anakiona. DUMA ilikuwa imesimama wima kama wanafunzi wa mstari wa asubuhi, na A yake ilikuwa na mkanda.

Sikuelewa kitu kingine chochote siku ile, lakini hilo nililielewa. Neno lake limeandikwa na mtu mwingine. Neno lake limeibwa. Nikajua sasa kwa nini ana panga, nikajua kwa nini amekunja uso vile, na nikatazama vidole vya Mwalimu Ndeshi vilivyokuwa vimejaa chaki, nikaanza kulia, kwa sababu nilijua kitakachofuata. Baba alikuwa ametangaza mwenyewe, kidole. Nikawa najiuliza kitakatwa kipi, na Mwalimu atashikaje kijiti.

Mwalimu naye akawa ameona. Niliona uso wake unabadilika. Alikuwa amekumbuka maneno yote ya watu, akasahau kwamba kila neno lilikuwa na mkono wake. Baba alifunga macho.

Niliuona mgongo wa Mjomba Mkumba tu, unapanda na kushuka. Kisha akainua mkono wa kulia, ule usio na panga. Akalamba kidole gumba. Akakipeleka mlangoni polepole, akafuta ule mkanda wa A, huo tu. Vikabaki vijiti viwili vimeegemeana.

Halafu akapiga. Alipiga kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu zake zote, na hakupiga kwa bapa. Panga lilizama kwenye mkomafi kati ya miraba, nyumba ikatikisika, bati likalia. Lilikwama. Ilibidi aweke mguu mlangoni ndipo alichomoe.

"Hamna mtu," aliwaambia, sauti kama si yake. "Haujafunguliwa huu. Twendeni."

Wakatoka. Nyuma ya nyumba wakakuta wale mafahali. Sitaeleza sana. Walianza na mishipa ya miguu ya nyuma, mnyama akawa amekaa kama mtu, anatazama. Sauti ile ndiyo inayonifanya mpaka leo nisile nyama nikiwa peke yangu. Waliwakata walivyoona pa kukata, shingo mwisho kabisa, bila bismillahi, bila kuelekeza kibla, na walipochoka wakaondoka, na mkorosho ukabaki mwekundu mpaka kwenye majani. Baadaye Baba akatoka na aproni mdomoni, akasimama juu ya ng'ombe wale ambao hakuna Muislamu ambaye angewala tena, akasema neno moja. "Kibudu." Asubuhi ile alikuwa amelisema akicheka. Sikuwahi kulisikia tena kwake.

Askari walikuja, watu wakatawanyika. Jioni lori la kubeba ngozi lilifika, na Masalu akatoka stoo ili apande, alale chini ya ngozi zile mbichi mpaka mbali. Alipotoka alisimama akaugusa ufa ule kwenye mlango. Ncha haikupita upande wa ndani. Babu yangu alikuwa amechagua mti wa kutosha.

"Nani alipiga?"

"Mkumba," Baba akamwambia.

"Nilikuwa nimeegemea kwa mgongo," Masalu alisema. "Nimemsikia anavyohema. Nimejua ni yeye. Halafu nimelisikia hapa." Akajigusa katikati ya mabega, mkono haumfikii vizuri. Hakusema lingine. Akatuacha na harufu ya jasho lake mle ndani ya stoo, na hatukumwona tena.

Baba akawa kibogoyo mwenzangu. Yangu yaliota, yake hayakuota. Mwalimu Ndeshi alihamishiwa kwao, akaacha kijiti chake. Mjomba Mkumba aliendelea kununua nyama kwetu, ila alikuwa akisimama nje ya kaunta, anaagiza akitazama barabarani. Fumbo la siku ile halikumalizwa, na kwa sababu halikumalizwa Baba hakulifuta. Liliondoka lenyewe, kidogo kidogo, na mabega ya watu waliokuja kuchukua chumvi, maana sasa mlango ulifunguliwa wakati wowote. Bei ilibaki, ilikuwa ya rangi. Na lile kovu.

Nilikua nikidhani Mjomba Mkumba alipiga muhuri, kama Baba gogoni. Nilidhani amelidai neno lake, amelirekebisha, amelichinja, basi, haki imetendeka. Nilikuwa nimeshamaliza shule, nimekaa zangu kibarazani nachambua mchele, ndipo siku moja nikaacha mchele na kufikiri: muhuri hupigwa kwa bapa. Pigo lile lilikuwa na mtu wake. Alikuja nalo kutoka kituo cha afya, alikokuwa ameshika kichwa cha mdogo wake kwa mikono yake, na lilikuwa lazima litue mahali. Kwa nini alilitua pale, sijui, wala sitajifanya najua. Sikuwahi kumuuliza. Mtu wa ndani hana maswali mengi, anasubiri.

Fundi alikuwa hajamaliza kufunga begi lake, mimi bado nafuta machozi kwa mtandio, nikasikia hodi. Mjomba Mkumba, mvi kichwa kizima, amemshika mkono Saidi. Saidi alipona, kama neno ni hilo. Upande mmoja wa uso wake umelala, na anavuta mguu, ila masikio na ulimi Mungu alimwachia.

"Kibogoyo," Mjomba Mkumba akasema, "nilikuwa naumwa, sikuwahi arobaini ya baba yako. Nimekuja kuhani. Hujaolewa tu?"

"Nani atanioa, Mjomba, na mwenyewe sitoki nje?"

"Huyu fundi je? Amekuja mpaka ndani."

"Amekuja kuoa mlango."

Akageuka kuutazama. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akiutazama. Akauendea, akasimama pale pale, akainua mkono wa kushoto na kukiingiza kidole kwenye lile kovu. Kiliingia mpaka fundo la pili. Hakukitoa.

Saidi, aliyekuwa amekalishwa kwenye kiti cha Baba, akamwita. "Kaka, unaangalia nini hapo?"

"Bei ya nyama."

Saidi akainua uso, akasoma kwa jicho lake zima, akacheka kwa nusu ya mdomo. "Hiyo ya enzi hizo. Leo kwa bei hiyo hupati hata kwato."

"Hata enzi hizo," Mjomba Mkumba akasema, "ilikuwa ghali."